Nilidhani Ardhi Inakunywa

Mnaniuliza kazi niliyofanya Dubai, na kila nikijibu "kusafisha" mnanitazama mikono, mkidhani ni vioo vya maghorofa au sahani za hoteli. Sikusafisha kioo hata kimoja. Nilisafisha udongo, ule wa chini ambao mtu hauoni, kina cha nyumba ya ghorofa mbili iliyopinduliwa. Sijui kama mimi ndiye wa kuwaeleza. Niliishia darasa la nane, na kemia niliyoijua niliijua kwa pua na vidole. Lakini nina madaftari. Kila siku ya kazi nilirudi chumbani nikaandika mistari mitano sita, kwa Kiswahili, kabla ya kuvua viatu, maana nikivua nilikuwa nalala. Ninayowaambia yamo humo. Yasiyomo, nitasema siyakumbuki vizuri, na mtaniwia radhi.

Tuanze na hili, nyinyi mnaotaka kuingia kazi hii: kamwe msitie udongo mdomoni.

Aliyenifundisha kuchimba visima vya kupimia udongo na maji ya chini alikuwa Mzee Saidi, mtu wa asili ya Unguja. Babake ndiye aliyehamia Dubai, na Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko changu mimi niliyetoka pwani ya Kenya juzi. Mzee Saidi alikuwa akichukua chembe ya udongo, akiitia kwenye meno ya mbele na kuisaga taratibu huku akitazama mbinguni. "Mchanga unalia, bwana wee," aliniambia. "Udongo wa mfinyanzi unateleza kama siagi. Na huu wa katikati, huu unga, unanong'ona tu. Huo ndio wa kuuogopa." Alikuwa akifanya hivyo kwenye viwanja vya kujenga nyumba, ardhi safi, haina neno.

Mimi nikaenda nikafanya hivyo hivyo uani kwa dobi, mbele ya injinia.

Dobi huyo alikuwa Al Baraha, mtaa wa fleti za zamani na maduka madogo, ambako sisi wenyewe tulikuwa tumepanga chumba. Kwa miaka mingi alisafisha suti na makoti kwa ile dawa yao isiyo maji, na mabaki yakapita kwenye mfereji uliopasuka. Dawa ile ni nzito kuliko maji. Inazama kwenye mchanga hadi ikute tabaka la udongo laini, na hapo inakaa na kupenya polepole, kama harufu ya samaki inavyoingia kwenye ubao wa jikoni. Mwenye kiwanja alitaka kubomoa ajenge fleti, akaambiwa asafishe chini kwanza. Ndipo tulipoitwa.

Injinia wetu, Madam Rukhsana, alikuwa wa Karachi. Aliniita "chacha", ambayo kwao ni ami. Aliponiona natafuna udongo wa dobi alinijia mbio.

"Chacha, tema. Tema sasa hivi."

Nikatema. Akanifanya nisukutue kwa chupa mbili za maji, akasimama akinitazama kama mama anayetazama mtoto aliyemeza kifungo.

"Sasa," akasema, "ulikuwa mchanga au mfinyanzi?"

"Unga, madam."

"Hata mimi nilidhani unga," akasema, akaenda zake akaandika.

Niwaeleze dawa yetu sasa. Ni pamanganeti, ile fuwele nyeusi nyeusi ambayo ukiitia majini inatoa rangi ya zambarau. Mama zenu wameitumia kuoshea vidonda. Tulikuwa tunaikoroga kwenye pipa kubwa, tunaisukuma kwa pampu kupitia bomba hadi chini, na ikiugusa uchafu ule wa dobi inautafuna. Ikishautafuna inageuka hudhurungi, kama chai iliyosahaulika. Hiyo ndiyo kazi yote, ukiisikia. Taabu ni kuifikisha.

Kwenye mchanga dawa inakimbia. Unasukuma asubuhi hapa, jioni unaikuta kisima cha pili. Kwenye udongo laini haikimbii. Chukua ugali wa jana, umwagie mchuzi. Mchuzi utazunguka donge, utajaa sahani, na ukilikata donge utakuta ndani peupe vilevile. Mchuzi utaingia, ndiyo, lakini kwa muda wake, si kwa haraka zako. Tulikuwa tukitoa udongo kwa bomba jembamba, tunaulaza mezani na kuukata katikati kwa uzi wa chuma. Unaona pembeni zambarau, unene wa ganda la tunda, na ndani kijivu, kana kwamba hatukufika kabisa.

Uwanja wangu wa kwanza kabisa, kabla ya huo wa dobi, tulishangilia mapema. Maji ya kisima cha kupimia yalikuwa ya waridi, nikamwambia Madam Rukhsana kazi imekwisha, tufunge vyombo. Akasema tusubiri. Miezi ikapita, waridi likafifia, na siku moja nikafungua kisima nikaisikia harufu ya uchafu tena. Mchanga ulikuwa umeshasafika. Mfinyanzi ulikuwa umekaa na uchafu wake tumboni ukiutoa kidogo kidogo. Nikaona haya. Madam hakunikumbusha, na hilo naliandika kwa heshima yake.

Kato alikuja wakati wa dobi. Alikuwa Mganda wa Masaka, zamani mlinzi wa jengo moja kule Jumeirah Village Circle. Aliacha ulinzi akaja kwetu kwa sababu alichoka kusimama. Mkewe, Grace, alifanya kazi za nyumbani kwenye villa moja ya Al Warqa, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yao ya kuonana. Mimi na Kato tulilala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Alipenda kubishana. Ukimwambia jua linachoma atakuuliza unalilinganisha na la wapi.

Majira ya baridi mikono ilikuwa inapasuka, na Kato akawa anajipaka glisirini kama tunavyofanya kwetu. Madam akakiona kichupa mfukoni mwake karibu na ndoo ya pamanganeti. Akachukua kigae, akaweka chembe za dawa, akatia tone la glisirini juu, akatuambia tutazame. Tukatazama. Hakuna kitu. Kato akaanza kucheka. "Madam, hii ni mafuta ya mtoto." Mara pakatoka moshi, na moto ukalipuka wenyewe pale kwenye kigae.

Kato akakishika kile kichupa kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika nge. "Banange," akasema. "Na jana nimejipaka mpaka kwenye magoti."

Basi unga wa dawa ile usikae karibu na mafuta, sukari, dizeli wala vitambaa. Hilo mlishike, hata mkiyasahau mengine yote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Mimi nilikuwa mtu wa karatasi. Kila robo saa nilitakiwa kwenda kwenye geji ya pampu, kusoma dawa inasukumwa kwa nguvu gani, na kuandika kwenye fomu. Kato alikuwa kwenye pampu na koki yake. Asubuhi ile tulikuwa tunasukuma kwenye lile tabaka la unga. Geji ilisimama tatu. Tatu, tatu, tatu, na pipa halipungui. Kazi ya namna hii inachosha kuliko kubeba mawe, maana hakuna kinachoonekana. Nikaketi kwenye kivuli cha lori, ubao wa fomu magotini.

"Mzee," Kato akaniita. "Geji imeshuka. Iko moja."

"Na pipa?"

"Pipa linapungua. Linapungua sana."

Nikafurahi. Nikasema, "Basi ardhi inakunywa. Iache inywe."

"Una uhakika, mzee?"

"Kato, mimi kazi hii nimeifanya miaka mingapi?"

Akageukia koki yake. Nami, kwenye fomu, nikaandika tatu.

Kwa nini nikaandika tatu? Nimejiuliza mara nyingi. Kwanza, madam angeona moja katikati ya tatu angekuja kuuliza, na sikutaka kunyanyuka kivulini. Pili, na hili ndilo zito, sikujua ile moja ilikuwa na maana gani, na sikutaka ijulikane kwamba sijui. Robo saa iliyofuata nikaandika tatu tena. Na tena.

Sikilizeni vizuri hapa. Udongo laini ukiusukuma kuliko unavyoweza kunywa, haunywi zaidi. Unapasuka. Ufa unafunguka kule chini, dawa inapata barabara, na geji inashuka kwa sababu hakuna tena kinachoizuia. Geji ikipanda, ogopa. Ikishuka ghafla, funga koki kwanza, halafu ndiyo uogope. Udongo ule haukuwa umekunywa tone. Ulikuwa umeiacha dawa ipite.

Ilipita hadi kwa jirani. Ukuta kwa ukuta na dobi palikuwa na fundi wa kushona kandura, zile kanzu za Waarabu wa kule, tuliyemwita Masta kama mafundi cherehani wote wanavyoitwa kule. Uani kwake alitundika kandura nyeupe za wateja, na alikuwa na paka, naye mweupe. Masta akaingia getini kwetu amembeba paka yule mikononi. Paka alikuwa mweupe kuanzia kichwani hadi magotini, na miguu yote minne ya zambarau, kama mtoto aliyevaa soksi za shule.

"Hii yenu?" Masta akauliza, kwa upole kabisa.

Tukakimbilia kwake. Dawa ilikuwa inachemka katikati ya vigae kama chemchemi, na kandura tatu zilikuwa zimelowa pindo. Kato alisharudi kufunga koki kabla hajaambiwa. Madam akamshika paka akamwosha yeye mwenyewe kwa maji mengi, akakwaruzwa, na hakumwachia. Zambarau ikatoka, hudhurungi ikabaki wiki kadhaa. Kampuni ilimlipia Masta zile kandura, na yeye akaanza kumwita paka wake Injinia.

Haya tunayacheka sasa. Siku ile hakucheka mtu. Mchana arbab akaja, mwenye kiwanja, na sina ubaya wa kumsema. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani alikuwa kwenye pampu?" Madam akachukua fomu yangu akaisoma. Tatu, tatu, tatu, tatu. Akafikiri kama yeyote mwenye akili angefikiri: kila robo saa geji ilikuwa sawa, kwa hiyo kosa limetokea katikati. Mtu amefungua koki yote ili amalize haraka, kisha akairudisha kabla ya kusomwa. Na mkono uliokuwa kwenye koki ulikuwa mmoja.

"Mimi nilimwambia mzee," Kato akasema. "Nilisema geji imeshuka. Muulizeni."

Wote wakanitazama.

Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Nyinyi mnaonijua mnajua maneno hayo ni yangu ya kila siku, na mara nyingi ni ya kweli. Siku ile hayakuwa ya kweli.

Arbab akasema khalas, yaani basi, mtu huyo hamtaki tena. Kampuni ingeifuta viza ya Kato, naye angerudishwa kwao ndani ya siku chache, Grace abaki Al Warqa peke yake na mkataba wake haujaisha. Chumbani Kato hakunitukana. Heri angenitukana. Alipanda kitandani kwake, na ubao ulipolia juu ya kichwa changu nilihesabu mara ngapi amegeuka. Nilikuwa nimepita miaka hamsini. Nani angemchukua mtu wa hamsini Ghuba, na fomu ya uongo juu yake? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Naliandika ili mjue kwamba mtu anaweza kuwa na sababu nzuri na bado asiwe na haki.

Ijumaa asubuhi Kato alikuwa nje ya mlango anasugua buti za kampuni ili azirudishe safi. Grace akafika, ameshika mfuko wa nguo za kumpa apeleke kwa watoto wao nyumbani. Sikuwa nimewahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Akanijia mimi.

"Shikamoo, mzee. Kato anasema wewe ni mtu wa kuandika. Kila siku unaandika."

"Marahaba. Ninaandika kidogo tu."

"Mwandikie madam barua. Sema ni mtu mwaminifu. Wewe umelala naye chumba kimoja, watakuamini."

Kato akasema bila kuinua kichwa, "Grace, mwache mzee. Hakumbuki vizuri."

Nikasema nitaandika. Nikaingia ndani, nikachukua daftari ili nichane karatasi moja ya barua. Likafunguka pale pale kwenye siku ile. Nikasoma nilichokuwa nimeandika, na barua ikanishinda. Ningeandika nini zaidi ya kile?

Jumamosi nikaenda kwenye kabini ya madam na daftari lenyewe. Nikamwekea mezani. Akaligeuza geuza.

"Chacha, siwezi kusoma hii."

"Nitakueleza, madam."

"Hapana," akasema. "Wewe umeshanieleza mara moja."

Akatazama dirishani. Kato alikuwa anapita kwenda stoo na buti zake mkononi. Akamwita. Kato akaingia, akasimama karibu na mlango. Madam akampa daftari langu akamwambia asome, ageuze kwa Kiingereza, neno kwa neno.

Nilikuwa nimesimama katikati yao. Kiingereza changu si kikubwa, lakini mstari niliujua. Niliandika hivi: *Leo Kato kaniambia geji imeshuka mpaka moja. Nikamwambia ardhi inakunywa. Kwenye fomu nimeandika tatu. Dawa imetokea kwa Masta. Nilipoulizwa nilisema sikumbuki. Nakumbuka.*

Kato alisoma polepole. Alipofika hapo alisita, kidole kikiwa kwenye karatasi. Kisha akaendelea, maana kulikuwa na mstari mmoja zaidi: *Kato anapenda kubishana na anakoroma, lakini leo alikuwa sahihi.*

Akafunga daftari. "Madam, pale pa kukoroma si kweli."

Madam aliinama kwenye karatasi zake. Kama alicheka sikuona. Alimpigia arbab mbele yetu, akamwambia kosa ni la ofisi, kwamba yeye ndiye aliyeweka msomaji mmoja bila wa kumhakiki. Hakulazimika kusema hivyo. Kato akaambiwa arudishe buti miguuni. Mimi nikauliza kama nikafunge virago.

"Ukifukuzwa leo," akasema, "wa kesho hataniletea daftari."

Lakini ubao wa fomu alinichukua akampa Kato. Mimi nikawekwa kwenye pampu.

Kazi yenyewe nayo ikabadilika. Tuliacha kulazimisha. Tulisukuma kidogo, kwa nguvu ndogo, tukafunga, tukaondoka, tukarudi baada ya wiki. Visima vikawa vingi na vya karibu karibu, ili dawa isihitaji kusafiri mbali. Madam alituambia kwenye udongo ule sisi kazi yetu ni kuipeleka dawa mlangoni na kuhakikisha haiishi, kuingia itaingia yenyewe. Tena udongo nao unakula dawa yako, hata mahali pasipo na uchafu, kwa hiyo ukirudi unakuta imekwisha na unaleta nyingine. Miezi kwa miezi tulikata udongo kwa uzi wa chuma. Ganda la zambarau likawa upana wa ukucha. Baadaye kucha mbili.

Na kila robo saa Kato aliniita kutoka kivulini.

"Mzee, geji?"

"Moja na nusu."

Halafu ananyanyuka, anatembea hadi pampuni, anainama mbele yangu, anasoma mwenyewe, ndipo anaandika. Kila robo saa, jua lolote. Wenzetu walimtania kwamba anapenda matembezi. Mimi nilijua alikuwa sawa. Siku nyingine alinitupia neno akiwa ameinama: "Ardhi inakunywa, mzee?" Nami namjibu, "Sijui. Soma geji." Chumbani tulisalimiana na kupeana chumvi. Grace akija Ijumaa alinisalimu vilevile kwa shikamoo, nami sikujua mumewe alimweleza nini. Sikuuliza.

Tulikaa hivyo majira yote ya joto na baridi iliyofuata.

Siku ninayotaka kumalizia haikuwa na jambo lolote. Daftari linasema upepo ulikuwa na vumbi na Injinia alikuwa amelala juu ya ukuta, miguu yake myeupe tena. Tulikuwa kwenye kisima cha mwisho upande wa jirani. Kato alikuwa ameketi kivulini mwa lori, ubao magotini.

"Mzee, geji?"

"Moja," nikasema.

Nikasogea pembeni kumpisha, kama kawaida. Hakuja. Nilipogeuka nilimwona ameinamisha kichwa, anaandika, pale pale alipokaa.

Nikairudia ile geji nikaitazama mara ya pili, na ya tatu. Ilikuwa moja.